Nyota Moja kwa Mtani

Siku ya kwanza Mwalimu Recheli alidhani ni vumbi la barabarani. Siku ya pili akamsingizia paka. Siku ya tatu, alipokung'uta chandarua, unga laini wa manjano ulimwagika juu ya mto wa kulalia, akausugua kidoleni, akaunusa. Mbao, zinabunguliwa! Akainua macho darini, na roho yake ikamwambia waziwazi: Shomari kanipiga.

Sasa huyu Shomari ni fundi wa mapaa, Mzaramo aliyehamia Tabora zamani akanogewa, na zaidi ya yote ni mtani wake. Recheli ni Mnyamwezi wa Goweko, na Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara, mababu walipobeba mizigo hadi pwani na kupokelewa kwa matusi matamu. Wakikutana sokoni, Shomari hupaza sauti: "Shikamoo, mpagazi! Leo umebeba kilo ngapi?" Naye Recheli humjibu: "Marahaba, mwizi mkubwa we! Ficheni kuku wenu jamani, Mzaramo anapita!" Basi watu hucheka, wanaendelea na shughuli zao.

Alipofariki mume wa Recheli, mzee Zablon, Shomari alivaa koti la marehemu, akaingia katikati ya waombolezaji akikohoa kile kikohozi cha Zablon, akadai chai yake imechelewa. Recheli alicheka hadi akashikwa asianguke. Alicheka siku anamzika mume wake! Mtu aliyekufanyia hivyo utamshtaki kwa nani, na kwa mdomo gani?

Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kufagia. Alianza kukumbuka. Mbao za paa alilomwezekea, Shomari alikwenda kuzinunua mwenyewe, akazileta kwa guta zikiwa na rangi ya kijani, akazipiga kofi na kusema zimetiwa dawa, mtani, utakufa uziache. Kwa nini alikuja nazo magharibi, mwanga unakwisha? Kwa nini dari aliifunga Jumapili, Recheli akiwa kanisani? Wakati ule aliona ni bidii tu. Hata aliingia kwenye ule ukurasa wa mtandaoni wa Mafundi wa Tabora, ambako wateja huwapa mafundi nyota, akampa tano zote na kuandika: "Mwizi huyu, kanimalizia kuku, lakini paa kalipiga sawasawa."

Akampigia simu. "Shomari, paa lako linamwaga unga."

"Si bora, mtani! Hutanunua sembe mwaka huu!"

Recheli alicheka. Alipokata simu ndipo akagundua hakujibiwa kitu.

Akamwita Ngollo, mtoto wa kaka yake, seremala. Ngollo akapanda darini na bisibisi, kisha akashuka bila kujifuta vumbi.

"Shangazi, ile ni rangi tu. Dawa hakuna. Bisibisi inazama kwenye kenchi zilizobeba paa kama kwenye kiazi kilichoiva. Hama chumba hiki leo."

"Labda naye aliuziwa hivyo, hakujua."

"Fundi wa miaka ishirini, Shangazi?"

Recheli akahamishia godoro sebuleni, akanyamaza. Paa ni lake, aibu ni yake, basi. Angenyamaza hata leo, kama si Paskazia. Huyu Paskazia ana chekechea yake pale Kitete, na Alhamisi aliuliza kwenye ukurasa uleule: "Wapendwa, nani anamjua fundi Shomari? Nataka aniezekee darasa jipya la watoto."

Recheli akaisoma mara mbili. Watoto arobaini, na wale hawajui hata kukimbia vizuri. Alikaa na simu mchana kutwa. Anaandika, anafuta. Akiandika anamwona Shomari ndani ya koti la Zablon. Akifuta anaona kenchi zinawashukia watoto wakiwa wanahesabu vidole. Na kama Ngollo amekosea? Na wanawe Shomari watakula nini? Na watu si watasema mwanamke huyu hana haya, kamwanika mtani wake?

Alasiri akabonyeza. Nyota moja. "Fundi huyu ni mwizi. Kaniezekea kwa mbao mbovu zilizopakwa rangi. Msimkabidhi watoto." Akazima simu haraka, akasali sala fupi isiyo na mpangilio.

Alipoiwasha jioni alikuta vicheko. Ukurasa mzima unacheka! "Watani hao wameanza!" "Mwalimu, kwanza rudisha mizigo ya watu!" Shomari mwenyewe kaandika: "Msamehe, nilimlia matobolwa yake, viazi vyote vikavu." Chini kabisa, Paskazia: "Nimecheka mpaka machozi. Mteja anayemtania fundi wake namna hii karidhika. Jumatatu aje kupima."

Recheli akaandika kwa herufi kubwa: SITANII. Wakacheka zaidi. Hapo aliona hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe, maana neno mwizi alikuwa amelichezea miaka yote na sasa lilipotakiwa halikuwa na meno.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa Kitete. Kina mama walikuwa wanaacha watoto, na Shomari yuko ukutani na futi yake ya chuma, anapima.

"Leo tutakoma!" Paskazia akapiga makofi. "Watani wamekutana!"

"Paskazia, nisikilize. Mbao zake zimeoza. Nalala sebuleni na nyumba ninayo."

Kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema Wanyamwezi bwana, wanapenda kulala njiani. Recheli akapandisha sauti, na kadiri alivyopandisha ndivyo walivyoshikana mabega. Akamgeukia Shomari, tayari kumtukana tusi la kweli. 

Shomari alikuwa hacheki. Kati ya watu wote pale, ni yeye tu. Alikuwa ameinamia futi kama mtu anayetafuta namba iliyopotea.

Kumbe alijua. Tangu siku ya guta alijua.

"Nitanie, Shomari," Recheli akasema taratibu. "Hawa wote wanakungoja. Niite mpagazi. Sema lolote, nicheke niende zangu nyumbani."

Shomari akaendelea kutazama futi.  Kicheko kikapungua, mama mmoja baada ya mwingine, hadi ikabaki sauti ya watoto wanaoimba namba ndani. Paskazia akamtazama fundi, akamtazama Recheli, akarudi kwa fundi.

"Shomari?" akasema. "Si umjibu?"

Shomari akavuta futi, ikarudi ndani ya kisanduku chake. Akaokota begi la vifaa.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema. Hajawahi kumwita hivyo. Akapita katikati ya kina mama, nao wakampisha, akatoka getini.

Recheli akakaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakimfika kifuani, akalia. Hakuna aliyemcheka.