Mchepuo wa Watu

Kuna uchovu wa kazi, ambao ukioga na kulala unakwisha, na kuna uchovu wa kubeba jambo moyoni. Yule mama wa mauzo wa kiwanda cha magodoro alikuwa na vyote viwili jioni ile alipomfungulia mlango wifi yake. Wifi alikuwa bado na sare ya uuguzi, viatu kavivua kabla hata hajaingia, uso umemshuka.

"Wifi, wameufuta," alisema. "Mchepuo wetu haufunguliwi. Tumepungua mmoja."

"Mmoja?" akauliza mama wa mauzo, na sauti ikamtoka nyembamba hata yeye mwenyewe akaishangaa. Habari hiyo alikuwa nayo tangu mchana, na huyo mmoja aliyepungua alikuwa yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Wawili hawa walikuwa wakisoma pamoja shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya jioni, baada ya kazi. Aliyemvuta mwenzake ni mama wa mauzo. Wifi, dada wa mumewe, alikuwa msimamizi wa wodi ya wazazi na hakuwa na habari na mambo ya chuo. Alisema kichwa chake kimeshakuwa kigumu, wamwache na wajawazito wake. Mama wa mauzo akamng'ang'ania wee, mpaka akalegea. Tutasoma wote, tutahitimu wote, daftari langu ndilo lako. Haya, wakaanza.

Mwaka wa kwanza pale chuoni kila mtu anasoma kile kile. Wa pili ndipo unachagua mchepuo: fedha, masoko, ugavi, au usimamizi wa watu. Wakakubaliana watu. Kwa wifi hilo halikuwa suala la kupenda tu, maana hospitali ilikuwa imemwahidi kiti cha muuguzi mkuu, aliyepo akistaafu mwakani, mradi yeye awe amechukua mchepuo huo na si mwingine.

Tatizo ni kwamba mchepuo usiotimiza wanafunzi kumi chuo hakiufungui. Mratibu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Tarehe ya Mwisho kwa kuwa hana salamu nyingine, hana mjadala kwenye hilo. Na usimamizi wa watu haukuwa na wateja, kila mtu alikuwa anakimbilia fedha. Ni wifi aliyezunguka darasani akibembeleza huyu na yule, mpaka akamnasa karani mmoja wa mahakama kwenye mapumziko ya chai na wakatimia kumi kamili. Siku hiyo alicheka akashika mbavu. Wakakaa na orodha ya masomo, wakachagua mahusiano kazini, upimaji wa utendaji na usuluhishi wa migogoro.

"Hili la migogoro lazima tulichukue," wifi alisema. "Mimi na wewe hatujawahi kugombana hata siku moja. Tutaonekana washamba."

Siku ya mwisho ya kuchagua, bosi wa kiwanda akasimama kwenye meza ya mama wa mauzo, akagonga gonga kalamu. Tawi jipya linatafuta meneja, akasema, mtu mwenye kuzijua fedha. "Na wewe si ndiyo unasomea fedha?" Mama wa mauzo akausikia mdomo wake ukijibu ndiyo. Bosi alipoondoka tu, akafungua tovuti ya chuo akabadili mchepuo, upesi upesi, kama mtu anayekula kitu cha mwenzake. Akajiambia hakosekani mtu wa dakika za mwisho, kumi watatimia. Alijua vizuri kwamba anajidanganya. Simu ilikuwa hapo hapo mezani. Angeweza kumpigia wifi. Hakupiga, kwa sababu wifi asingegomba. Angesema "sawa," na hiyo sawa ndiyo aliyoiogopa.

Sasa wifi yuko sebuleni kwake, amekaa kwenye kochi anajikanda nyayo. Kaka mtu, mumewe mama wa mauzo, alikuwa pembeni anapiga pasi mashati yake.

"Nani huyo aliyewatoroka?" kaka akauliza.

"Hajulikani. Kwenye grupu wanamtafuta kama mwizi. Karani wa mahakama ndiyo kavimba kabisa. Halafu kuna mmoja, hana hata haya, akamtaja wifi yangu." Wifi akasonya. "Nikamwambia ashike adabu yake. Wifi yangu namjua nje ndani, nikamwambia, ukimtaja tena tutakosana."

Mama wa mauzo akaenda jikoni kuleta chai ambayo hakuna aliyeiomba. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliporudi, wifi akampokea kikombe kwa mikono miwili.

"Pole na wewe mwenzangu," wifi akasema. "Sijifikirii mimi tu. Najua wangekutupa kwenye fedha, ukateseke na hesabu zao. Lakini nimeshalimaliza. Natoka kwa Tarehe ya Mwisho sasa hivi. Nimemwomba tuahirishe mwaka, mimi na wewe, mchepuo ukifunguliwa tena tunaendelea tulipoishia. Kakubali bila hata kufungua orodha. Kesho tunakwenda kusaini."

"Na kile kiti chako?" kaka akauliza, pasi ikiwa juu.

"Watampa mwingine, nitafanyaje. Kuchukua mchepuo mwingine hakunisaidii kitu. Na yeye ndiye aliyeniingiza chuo, siwezi kumwacha aende huko peke yake."

Hapo mama wa mauzo akashindwa. Angeweza kukaa kimya akakwepa safari ya kesho kwa kisingizio cha kazi, na alikifikiria kisingizio hicho, usidhani hakukifikiria. Lakini wifi alikuwa anamtazama kwa huruma, na ile huruma ilimuuma kuliko matusi yote ya kwenye grupu.

"Wifi," akasema. "Yule mtu ni mimi."

Wifi hakuelewa mara moja. Akatabasamu kidogo, kama anayesubiri utani umalizike.

"Nilihamia fedha. Kazini kuna nafasi ya umeneja. Nisamehe, nilidhani atapatikana mwingine."

"Lini?"

"Siku ya mwisho. Mchana."

Wifi akakiweka kikombe chini. "Jioni yake ulinifuata wodini."

"Ndiyo."

"Tukatembea mpaka kwangu. Tukapanga nani atanunua kitabu kipi."

"Ndiyo, wifi."

"Ukasema wewe utanunua cha migogoro."

Mama wa mauzo akataka kusema kesho ataamka mapema, atampigia magoti mratibu, atarudi kwenye kumi. Wote wawili walijua Tarehe ya Mwisho angemjibu nini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuona kama ana haki ya kuyafuta mbele ya mwenye msiba.

Wifi akainuka taratibu, akaenda mlangoni, akavaa viatu vyake kimoja kimoja. Hakugomba. Alipomaliza akamgeukia kaka yake.

"Kaka, mwambie mkeo asisumbuke kuja chuoni kesho," akasema. "Nitasaini peke yangu. Na mwambie ahsante kwa chai."

Kaka akabaki na pasi mkononi, akimtazama mkewe, ambaye alikuwa amesimama katikati yao.