Meza ya Kioo Haikuwa ya Kuuzwa

Mzee huyu, ambaye hata wakwe zake walimwita Bwana Stoo, alitunza stoo ya shule ya bweni tangu ujana mpaka kustaafu, na katika utumishi huo uliotukuka alishika sheria moja tu: kitu chenye kibandiko hakitoki. Kiti chenye kibandiko hakitoki. Sufuria yenye kibandiko haitoki. Mwanafunzi aliyewahi kutorosha mpira wenye kibandiko alifuatwa mpaka kwao, tena likizo, mbele ya wageni.

Mkewe alipofariki, binti yao aliyeishi mbali alipiga simu kusema kwamba nyumba imejaa mno, Baba atajikwaa na asiwepo wa kumwinua. Akamwandikisha kwenye kampuni ya mnada wa mtandaoni, wale wanaopiga picha vitu vya marehemu, wanaviuza kwenye simu, kisha wanakata chao. Kampuni ikatuma bunda la vibandiko vya njano pamoja na ujumbe wa maelezo. Bwana Stoo hakuusoma. Nani wa kumfundisha yeye kibandiko?

Alipita chumba hadi chumba kwa heshima zote, akibandika vitu asivyotaka viguswe: redio, kiti cha barazani, na meza ya kioo aliyojipambia marehemu. Hiyo meza aliibandika mbele na nyuma. Kisha akamwachia jirani ufunguo awafungulie wapakiaji wa kampuni, akaenda kliniki ya macho.

Aliporudi, wapakiaji walikuwa wameshaondoka. Feni mbovu ilikuwepo. Magodoro ya ziada yalikuwepo. Baiskeli ya mazoezi, zawadi ya mkwe, isiyomfikisha mtu popote, ilikuwa imejaa tele sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga. Chumbani, pale meza ilipokuwa, ukuta ulibaki na weupe wa umbo lake.

Redio alikuwa radhi kuisamehe. Kiti pia. Meza, hapana. Kila asubuhi mkewe alikaa pale akichana nywele, naye akiwa kitandani nyuma yake, wakazungumza kupitia kioo. Mambo mazito ya ndoa yao yote yaliamuliwa hivyo. Uso kwa uso waliishia kubishana.

Alifungua ukurasa wa malalamiko. Mashine ikamtaka achague: mzigo umechelewa, mzigo umevunjika, au mzigo si wenyewe. Akaandika kwamba mzigo umeondoka. Mashine ikamshukuru kwa subira yake. Siku zikapita wakishukuriana, huku kwenye ukurasa wa mnada watu asiowajua wakiipandishia bei meza ya mkewe.

Hatimaye akajibiwa na binadamu, mwanamke wa dawati la migogoro. Bwana Stoo alishtuka, akaenda kwanza kuvaa shati.

Mwanamke alieleza kwa upole kwamba kibandiko maana yake kiuzwe, na wateja wengine wote walielewa hivyo. Mzee naye akaeleza habari za stoo, kwa kirefu, pamoja na kisa cha mpira. Akaulizwa kama ana ushahidi. Akazunguka nyumba nzima akipiga picha: mwavuli, ufagio, chupa ya chai, mkongojo, vyote vina vibandiko vya miaka mingi.

“Mzee, mpaka mswaki?” mwanamke aliandika.

“Mpaka mswaki. Bweni halina undugu.”

“Na huwa vinazuia kweli?”

Mzee akaandika kwa kidole kimoja:

“Mke wangu aliwahi kufunga sanduku aende kwa dada yake, tumegombana. Nikambandika kimoja begani. Akacheka mpaka akakaa chini, akabaki. Hospitalini sikuwa nacho.”

Kesho yake meza iliondolewa mnadani. Ila taratibu za kuirudisha zilichukua muda, na kila asubuhi mwanamke aliandika kumjulia hali: ameamkaje, amekula nini, suala lake wanalifuatilia. Mzee alijibu kila swali kwa ukamilifu, hata lile la chakula, na siku asipokula alitunga.

Meza ikarudi. Ilikuwa imepigwa vanishi ili ipendeze kwenye picha, na ilinuka duka. Bwana Stoo alikaa kitandani mahali pake, akatazama kioo. Alikuwemo yeye, na ukuta.

Simu ikalia kidogo. Kampuni ilikuwa inauliza kama mgogoro wake umetatuliwa. Akibonyeza ndiyo, mazungumzo yatafungwa.

Alinyanyuka, akavuta droo ya kushoto. Zamani mkewe aliipiga nyonga ndipo ifunguke. Sasa iliteleza kama sabuni. Akairudisha taratibu, akakaa, akaandika kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa:

“Droo ya kushoto inakwama.”

Jibu halikukawia.

“Pole sana, mzee wangu. Hebu nieleze, inakwamaje?”

Akasogea dirishani penye mwanga, akaanza kueleza.