Keni ya Maziwa ya Baba Mkwe

Mama Anyitike anasema aliniona kwa macho yake. Anasema hakujapambazuka vizuri, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, yeye anateremka kwenda kukata majani ya ng'ombe, mara akaniona natoka nyumbani mbio, kichwa wazi, mkononi sina kitu. Nilikuwa nageuka nyuma kama mtu anayefukuzwa. Nilipofika kwenye kona nikatumbukia ndani ya chai na kulala chini kabisa, na aliyetokea pale konani ni baba mkwe wangu. Hapo akajumlisha mwenyewe: mke wa Jotham anatoroka, na mzee ametangulia kumzibia njia.

Mengi aliyosema ni kweli. Nilikimbia, mkononi sikuwa na kitu, na kwenye chai niliingia. Kulala chini ameongeza. Nilichuchumaa tu.

Mambo yalianzia zahanati. Tangu nimzae Wilson, presha yangu ilikataa kushuka. Nesi Belinda akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapo barazani kwangu, nikikaa asubuhi nanyanyuka kwa ajili ya jiko na mtoto tu. Akasema kukaa huko ndiko sehemu ya ugonjwa. Nipunguze chumvi, nitembee upesi kila siku mpaka jasho linitoke, na nikirudi presha iko palepale, ananianzishia vidonge.

Vidonge sikuviogopa. Niliogopa yaliyompata mama yangu. Presha ilimpoozesha upande mmoja nikiwa darasa la saba, na mimi ndiye niliyekuwa namlisha na kumgeuza kitandani, kusoma kwangu kukaishia pale. Sasa Hellen wangu yuko darasa la tatu. Siku ile nilimwangalia anafunga kamba za viatu, ulimi nje kidogo, nikajua kutembea ni lazima.

Ila nitembee saa ngapi? Mchana watu wanakuja kupimwa sare, jioni napika, na Jotham yuko Mbeya kwenye ujenzi. Nikaona alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala na mama mkwe anawasha moto, maana akilia Wilson atamsikia. Ndiyo maana nilikuwa nageuka nyuma. Nilikuwa nasikilizia mtoto.

Kikwazo ni kwamba saa ileile baba mkwe hupeleka maziwa kituoni, kwa njia ileile. Kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hasemi naye. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha, wanakula hata meza moja, lakini mzee wetu ni wa zamani na mimi namheshimu. Nikisikia anakohoa, naacha njia, naingia kwenye chai na kumpa mgongo mpaka apotee. Muda wa kujificha ukawa mwingi kuliko wa kukimbia.

Maneno ya Mama Anyitike yalifika Mbeya kabla sijamaliza kuosha vyombo. Jotham akapiga simu, sauti iko chini.

"Ikupa, niambie ukweli. Nimekukosea nini?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema niache kwanza, maana watu hawatamwelewa yeye wala mimi. Nikaacha. Nikarudi kwenye cherehani, na kila nikiinama kichwa kinagonga, na siku ya kurudi kwa nesi inakaribia.

Mama mkwe aliniona nimenyamaza sana. Akaniuliza, nikamwambia yote, mpaka ya mama yangu. Jioni nikawasikia yeye na mzee wakiongea Kinyakyusa nyuma ya ukuta, polepole, kwa muda mrefu.

Asubuhi nikakuta keni ya maziwa mlangoni kwangu, imejaa, na kata ya kichwani juu yake.

"Gwe Ikupa," mama mkwe akasema, "mzee anasema goti lake limechoka na ule mlima. Kuanzia leo maziwa ni yako. Anasema tembea upesi, yasije yakachacha."

Nikapanda na keni kichwani, shingo imenyooka, jasho mpaka mgongoni, na njia yote ni yangu. Mama Anyitike tulikutana konani. Akaitazama keni.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa, mama."

Akaridhika, akaendelea na majani yake. Jotham alipopiga simu kuuliza watu wanasemaje sasa, nikamwambia wanasema ameoa mwanamke mchapakazi.

Siku ya zahanati Nesi Belinda alinipima, akafungua mkanda wa kupimia, akaufunga upya, akapima tena. Akasema imeshuka, vidonge bado, niendelee hivyohivyo. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi pale kwenye kijua kidogo, nikawa nacheka peke yangu na Wilson ananivuta kitenge. Mama mkwe nilipomwambia alisema ndaga, asante ya kwetu, akarudia ndaga, akaenda mgombani anaimba.

Nikabaki naosha keni. Mzee alikuwa bandani, amenipa mgongo, anamlisha ng'ombe. Akitaka jambo linifikie na hakuna wa kulileta, humwambia ng'ombe, mimi nikasikia.

"Wewe ng'ombe," akasema, "nasikia mwenye maziwa amepona. Ni vizuri." Akavunja jani la mgomba. "Mimi nami usiku kichwa kinanigonga. Siku hizi nakaa tu. Kesho naomba anisubiri pale konani. Yeye atangulie, mimi nifuate kwa mbali. Nikifika kwa huyo nesi, naye anipime."

Kumjibu siruhusiwi. Wa kunijibia alikuwa mgombani, sauti yake inasikika mbali. Nikasimama na keni mkononi, maji yanachuruzika miguuni, nami nikamwambia ng'ombe kwamba kesho alfajiri konani nitakuwepo.