Watu Ishirini wa Kushuka Ngazi

Barua niliikuta chini ya mlango asubuhi ya siku ya tatu ya safari, mama akiwa bafuni. Niliisoma nimesimama, nikatamani niimeze. Ilieleza kwa maneno matamu kwamba meli imesikiliza maoni ya wageni wake, na kuanzia safari hii Usiku wa Mavazi Rasmi umefutwa. Jioni ya siku hiyo kila mgeni avae apendacho. Mlango wa juu wa ukumbi wa chakula utafungwa, na wageni wote wataingilia mlango wa chini, karibu na lifti.

Mama alikuwa dobi wa meli hiyohiyo kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa pasi. Chumba cha madobi kiko chini kabisa, kwenye sitaha isiyo na dirisha hata moja, na siku zile mfanyakazi wa kule hakuruhusiwa kupanda kwenye sitaha za wageni hata kwa kupotea njia. Kila Usiku wa Mavazi Rasmi suti na magauni yalishuka kwake yakiwa yamekunjamana, akayanyoosha, akayatundika, yakapanda. Habari za huko juu aliletewa na wahudumu wa mezani. Walimwambia wageni huingilia mlango wa juu, hushuka ngazi kuu mmoja mmoja huku piano ikipigwa, na ukumbi mzima hugeuza shingo kuwatazama.

"Nguo zote nilizijua," alipenda kutuambia tulipokuwa wadogo, "ila sikuwahi kuziona zikiwa na watu ndani."

Kwa hiyo alipostaafu, sisi watoto wake watatu tulichanga tukamkatia tiketi ya mgeni. Kaka zangu walinipa mimi kazi ya kumsindikiza, kwa kuwa eti sina mambo mengi, yaani sina mume na sina maneno. Gauni lake la satini ya buluu lilichukua miezi miwili kushonwa. Fundi alilifumua mara tatu, mama akiwa amekaa kwenye stuli pembeni yake kama msimamizi wa mtihani. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na hakukificha: kushuka ngazi zile na gauni lile, mara moja, kabla magoti hayajakataa.

Alipotoka bafuni nilimpa barua. Aliisoma, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, akasema maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akalitoa gauni kabatini na kuanza kulikunja alitie kwenye sanduku. Hapo ndipo nilipoumia. Mama hakunji satini. Ametugombeza maisha yetu yote kwa kukunja vitu visivyokunjwa, na sasa alikuwa analikunja gauni lake kama taulo.

Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu, naomba radhi mimi. Chuoni nilikuwa napoteza maksi kwa sababu ya kuogopa kusimama mbele ya wenzangu. Lakini nilitoka chumbani mle bila hata kuaga, nikashuka hadi ukumbi wa chakula, nikamkuta msimamizi wa ukumbi akikagua vijiko, mtu mrefu mwenye mvi na glavu nyeupe. Nilimweleza kwa sauti ndogo mpaka akainama kunisikia.

Hakunifukuza. Alisema hata yeye hakuipenda ile barua, lakini anaielewa. Wageni wengi walilalamika kwamba masanduku ni mazito, na kwamba likizo si harusi. Wengine waliofika bila koti waliona aibu wakajifungia vyumbani, wakala chakula cha jioni kitandani. Sasa ngazi kuu ameifunga kwa kamba. Kuifungua kunahitaji wahudumu wawili pale juu na mpiga piano pale chini, na hawezi kuwatoa kazini kwa ajili ya mtu mmoja, hata awe mama yangu.

Nadhani nilikuwa karibu kulia, kwa sababu alivua glavu moja akakuna kidevu.

"Niletee watu ishirini," alisema. "Saa mbili kamili usiku, wamevaa, wamesimama pale juu. Wakipungua hata mmoja, kamba haitoki."

Nilipomweleza mama alicheka kwanza. Aliniuliza kama nimewaona hao watu ninaowasema, wanaokuja kunywa chai na kandambili. Hata hivyo nilimwona akilitoa gauni sandukuni na kulitundika tena kwenye henga. Halafu akatulia, akafikiri kama mtu wa kazi.

"Wewe unadhani hawavai kwa nini?"

Nikasema labda wamechoka na makuu.

"Wapi. Nguo zao zimejikunja."

Na ilikuwa kweli. Wakati wa chai tuliwauliza wenzetu wa mezani, mwalimu mstaafu na mkewe. Walikuwa wamebeba suti mbili na magauni mawili, lakini vyote vilitoka sandukuni kama karatasi iliyofinyangwa. Pasi haziruhusiwi vyumbani kwa kuogopa moto, na ukipeleka nguo kwa madobi zinarudi baada ya siku mbili. Barua ile iliwapa ahueni tu ya kutoona aibu.

Kwenye sitaha ya sita kulikuwa na chumba kidogo ambapo wageni wanaweza kujifulia. Kilikuwa na meza mbili za kupigia pasi na pasi mbili, moja ikiwa imekufa. Mama aliishika ile nzima, akainyunyizia maji kidogo kwa ncha ya kidole, akasikiliza ilivyolia, akasema itafaa. Kisha akanitazama. Yeye atapiga pasi, mimi nitabisha milango.

Mlango wa kwanza niliubisha taratibu kiasi kwamba mwenyewe hakusikia. Nikamshukuru Mungu, nikaondoka, halafu nikajirudisha. Ukweli ni kwamba watu walikuwa wema kuliko nilivyowaogopa. Bibi na bwana harusi waliokuwa kwenye fungate walinipa nguo zao kabla sijamaliza sentensi. Madada wawili wauguzi waliniuliza kama huyo mama ananyoosha na marinda. Nilikuwa nikipeleka nguo mikononi kama mtu aliyebeba wagonjwa, namkabidhi mama, narudi korido. Kufikia saa kumi jioni tulikuwa na nguo za watu kumi na wanne. Pamoja na sisi wawili, kumi na sita.

Mtu mmoja tu alinikatalia waziwazi. Tulikuwa tunakaa naye meza moja, mzee wa makamo ambaye tangu tupande melini alikuwa hajavua kaptura ya kaki, na mama alikuwa ameshambatiza jina la Kaptura. Alinifuata mpaka chumba cha pasi kunicheka. Aliegemea mlango akasema tunafufua maiti. Mama hakuinua uso, akamuuliza nguo imemkosea nini. Basi mzee akabadilika sauti.

Alisema miaka minane iliyopita alisafiri na meli hii, siku ya kuzaliwa ya mkewe. Walirudishwa pale juu ya ngazi kwa kuwa yeye hakuwa na koti. Wakala biskuti chumbani. Mkewe alilichukulia kama utani mpaka safari ikaisha, lakini yeye hakulisahau, na mwaka jana mkewe alifariki. Tangu siku ile ameapa kwamba akirudi hapa atakula chakula chao miguu wazi.

Pasi ya mama ilikaa hewani. Najua alikuwa anapiga hesabu: usiku ule yeye alikuwa chini, ananyoosha makoti ya wale walioruhusiwa kupita. Hakuomba msamaha, kwani kosa halikuwa lake, na hakumshauri asamehe.

"Una kaptura nyingine?" aliuliza.

"Ninazo nne."

"Basi vaa nyingine, hiyo niletee niinyooshe. Kama ni kugoma, goma umenyooka."

Mzee Kaptura alicheka bila kutaka. Aliileta. Mama aliipiga pasi kwa heshima ileile ya suti, akaitia mstari mbele na nyuma unaoweza kukata mkate. Mzee aliishika kwa vidole viwili, akashukuru, akasema haji kwenye ngazi yoyote.

Saa kumi na mbili na nusu watu walianza kufika kuchukua nguo zao. Mama alikuwa amezitundika zote kwenye bomba refu la chuma, ndogo kushoto, kubwa kulia, zimenyooka mpaka nilijivunia. Mwalimu aliomba suti yake, nikamuuliza mama ipi ni ya mwalimu. Mama akanigeukia.

"Si uliweka alama?"

Sikuweka. Nilidhani anaweka yeye. Na yeye, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa amepiga pasi sare za wafanyakazi, ambazo hazina mwenyewe; mtu anakuja, anataja saizi, anachukua inayomtosha, anaondoka. Nguo za wageni zilifika kwake zikiwa tayari zimebandikwa namba na watu wengine. Mikono yake ilikuwa imezipanga kwa saizi bila kumuuliza. Suti nyeusi zilikuwa tisa, zote nyeusi. Koridoni foleni ilikuwa imefika kwenye lifti, na saa ilikuwa inakwenda. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama aliweka pasi chini, akapiga makofi mara mbili, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya kushindana na mashine:

"Jamani, nimekosea mimi. Nimezipanga kidobi. Mwenye kuijua yake aikamate, asiyeijua achukue inayomtosha. Zote zimepigwa pasi na mkono mmoja."

Wa mbele wakasogea kwenye bomba. Halafu bwana harusi akajaribu koti, mikono ikaishia kwenye kiwiko, mkewe akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikashika foleni nzima. Watu wakaanza kuvalishana pale koridoni. Mke wa mwalimu aliliona gauni lake moja likiwa tayari limevaliwa na muuguzi mmoja. Akamzunguka, akamwambia akae nalo, limempata mwenye kiuno, akachukua la pili. Mwalimu alipata suti yake moja, ya pili akamvisha dobi wa zamu aliyekuja kuona kelele ni za nini, ila kijana wa watu akaivua haraka akakimbia, kwa sababu wafanyakazi hawaruhusiwi. Waliokuwa wakipita na fulana na kandambili walisimama kutazama, na watatu kati yao wakaomba na wao. Walipata, kwa kuwa wengi walikuwa wameleta zaidi ya nguo moja. Kosa letu lilikuwa limefanya nguo ziwatoshe watu wengi kuliko walioleta.

Saa mbili kasoro dakika tano tulisimama juu ya ngazi, mbele ya kamba nyekundu. Mama alikuwa nyuma kabisa, ndani ya satini yake. Nilihesabu mara tatu. Tulikuwa kumi na tisa.

Msimamizi wa ukumbi alikuja na wahudumu wake wawili. Naye alihesabu, kwa kidole, akarudia. Nilimwona hataki kulisema. Alitazama saa yake. Chini yetu ukumbi ulikuwa umejaa watu walioingilia kwenye lifti, wanakula, hawajui lolote.

Lifti ya nyuma yetu ikafunguka, akatoka Mzee Kaptura. Juu alikuwa amevaa shati jeupe na koti, lile la suti ya pili ya mwalimu, alilolivua dobi wa zamu. Chini alikuwa na kaptura ya kaki yenye mstari, soksi ndefu, na viatu vilivyong'arishwa. Watu walimpisha. Akaja mpaka kwenye kamba akasimama.

Msimamizi alimtazama miguuni, akanitazama mimi. "Tulisema waliovaa, dada."

Watu wote walinigeukia. Nikaisikia sauti yangu ikitoka, si ndogo.

"Barua yenu ndiyo inasema kila mtu avae apendacho. Sisi tumependa magauni, yeye amependa hiyo. Na amekuja mwenyewe, hatukumbeba. Tuko ishirini, kaka."

Msimamizi alimgeukia mzee, akamtazama usoni kwa muda, akasema polepole kwamba anamkumbuka. Ni yeye aliyemrudisha siku ile. Alisema ilikuwa sheria, na kwamba usiku ule mke wa mzee alimtakia yeye usiku mwema huku akirudi, jambo lililomnyima usingizi.

"Alikuwa hivyo," alisema mzee.

Msimamizi akaifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Piano ikaanza, ikitafuta mwendo kwanza, kisha ikaupata.

Mzee Kaptura alitangulia, na ukumbi ukageuza shingo. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, labda kwa utani, lakini mzee alishuka wima kiasi kwamba utani uliishia kwenye ngazi ya tatu na makofi yakabaki. Wakafuata maharusi, wauguzi, mwalimu na mkewe wameshikana mikono. Huko chini watu walianza kuinuka mezani. Niliona mwanamume amevaa jezi ya mpira akipangusa midomo na kuvuta mkono wa mkewe kuelekea lifti, waje juu na wao.

Mama alibaki wa mwisho. Nilimpa mkono, akaukataa. Alishika pindo la gauni, akaanza kushuka, hatua moja, nyingine, bila haraka yoyote. Katikati alisimama. Nilishtuka nikidhani goti limemgomea. Kumbe alikuwa anatazama tu: taa, meza, nyuso zote zile zilizoinuliwa kwake, na suti alizozinyoosha zikimsubiri pale chini na watu wake. Makofi yalivuma mpaka vikombe vikalia. Akaendelea hadi ngazi ya mwisho, akakanyaga zulia, na msimamizi akamwinamia kama anavyoinamiwa mgeni aliyealikwa.

Nilimfikia nikihema. Macho yake yalikuwa makavu na yanang'aa.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Nimeona nusu. Nilikuwa naangalia miguu," alisema. "Tupande tushuke tena."

Akageuka, akainua pindo, akaanza kupanda. Na mzee akamfuata, na maharusi, na watu wa meza za karibu wakiwa na leso zao kifuani, mpaka mpiga piano ikabidi aanze upya.