Ng'ombe wa Senti Hamsini

Siku ya kupeleka mahari Butiama, Masanja alimwomba shemeji yake Getruda kitu kimoja tu: anyamaze. Aliomba kwa upole wa mtu ambaye hajazoea kuomba. Lori la ng'ombe lilikuwa limesimama Makutano, dereva ameshuka kununua maji, naye Masanja akamvuta Getruda nyuma ya lori wasisikike. Ukoo wa Nyamhanga, kwao binti, alisema, haupokei ng'ombe kama watu wanavyopokea soda. Kila ng'ombe husimamishwa peke yake uani, hukaguliwa kwato na meno, halafu msemaji wa upande wa mume hutaja alikotoka: huyu alikuja kwa dada yetu alipoolewa, huyu ni uzao wa jike la babu. Ng'ombe asiye na kwao hapokelewi.

"Nitasema wametoka zizini kwangu, Kibara," Masanja alisema. "Wewe kaa jikoni na kina mama. Jua likizama mwanao Gasper ana mke."

Getruda alilijua zizi la Kibara. Mara ya mwisho alipolipitia lilikuwa na mbuzi wawili na mbwa mgonjwa. Lakini alilijua na jambo la pili, lile ambalo Masanja hakulitaja. Kwao, zizi lililotoa ng'ombe ndilo lenye nyumba. Masanja akishatamka maneno yale mbele ya wakwe, Gasper atakuwa ameozwa mke na baba yake mkubwa. Mabinti watakaozaliwa, mahari yao itarudi kwa Masanja, na Gasper atakuwa kijana wa kutumwa mpaka azeeke. Kumbe shemeji alitaka kununua ukoo mzima kwa sentensi moja, tena bila kutoa hata kamba ya kufungia ng'ombe.

Haikuwa mara ya kwanza. Mume wa Getruda alipofariki, Masanja aliuchukua mtumbwi na nyavu, akasema anavitunza mpaka mtoto akue. Mtoto alikua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma pale Musoma, na mtumbwi bado unatunzwa. Getruda alikuwa ameondoka Kibara zamani, mtoto mgongoni, akapanga chumba mtaa wa Kamunyonge, Musoma, na kuanza kuuza dagaa sokoni Mwigobero. Hakurudi kulia kwa mtu. Pale Makutano alipanda lori akakaa pembeni ya dereva, na Masanja akachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Ng'ombe wale walitoka kwenye plastiki. Ndivyo ilivyokuwa, ucheke usicheke.

Miaka ya nyuma Getruda alikuwa amepeleka dagaa Mwanza, akapita kwenye duka la vinyago ambalo mwenyewe alikuwa anafunga biashara. Kwenye meza ya mwisho palikuwa na boksi la sarafu za zamani: senti hamsini yenye sungura, senti ishirini yenye mbuni, shilingi yenye mwenge. Kila moja ilikuwa imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na juu yake lebo yenye namba. Mwenye duka alimweleza kwamba zilipelekwa kwa wapimaji ng'ambo, zikatazamwa kwa kioo cha kukuzia, kila moja ikapewa maksi zake kati ya sabini kwa jinsi isivyochakaa. Hakumdanganya. Alimwambia hizi ni sarafu za kawaida, zilitengenezwa kwa mamilioni, na wakusanyaji wakubwa hawazitaki. Alikuwa anauza boksi zima kwa bei ya kutupa, bila kuchagua.

Mtu mwingine angeaga akaenda zake. Getruda alivuta kigoda. Dagaa nao ni wa kawaida, na tangu lini ukawaida ukamzuia mtu kula? Unanunua gunia lote, wazima kwa waliovunjika, halafu faida unaitafuta kwenye kopo la kupimia, kwa miguu yako. Alitoa mtaji wote wa dagaa, akabeba boksi kichwani mpaka stendi, na njia nzima ya kurudi Musoma akalipakata bila kuliachia.

Sungura na mbuni aliwauza Bunda, pale magari ya watalii yanaposimama kuweka mafuta. Mwenge aliupeleka Butiama, kwa watu wazima wanaokuja kutembea siku za mapumziko. Mtu na kitambi chake na simu mbili alikuwa anashika kasha, anaona shilingi aliyonunulia maandazi shuleni, anatoa pochi bila kubembelezwa. Maduka ya zawadi yalichukua mafungu. Kila moja ilileta kidogo, lakini kidogo kile hakikuoza wala hakikuliwa na funza, na boksi lilipokwisha alitafuta jingine. Kijana mmoja dalali alimshauri aseme ni adimu, bei itapanda mara tatu. Getruda alikataa. Kila mteja alimwambia maneno yale yale: ni ya kawaida, imepimwa, imefungwa, ukitaka ya adimu mimi sina. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa amedanganywa vya kutosha maishani, akaichukia ladha yake.

Kamunyonge walisema yao. Hela iliyofungwa ndani ya plastiki, tena yenye namba, ingekuwa nini kama si ufreemason? Kuna waliokataza watoto wao kunywa uji kwake. Siku moja kwenye jumuiya mwanamke mmoja alihama benchi, na Getruda akamfuata akakaa naye kwenye benchi lile lile mpaka sala ya mwisho. Na alipoanza kununua ng'ombe mnadani Bunda, mmoja mmoja, akiwalisha kwa mfugaji wa kulipwa, Masanja ndiye aliyewabatiza jina msibani, mbele za watu. Aliwaita ng'ombe wa senti hamsini. Watu walicheka mpaka wakasahau maiti. Alicheka miaka yote hiyo, mpaka aliposikia wamefika sita na Gasper anaoa.

Walipofika Butiama walipokewa vizuri. Mzee Nyamhanga, baba wa binti, alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, na kazi ya kusema alikuwa amemwachia mdogo wake Ryoba, ambaye maneno hayakumpungukia. Wanaume walikaa uani kwenye viti vya plastiki. Getruda aliingizwa jikoni, akapewa mwiko kwa heshima. Happyness, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amejikunyata kwenye mkeka nyuma ya mlango, kitenge kimemfunika mpaka kwenye paji la uso, akatoa mkono tu kumsalimia mama mkwe. Mkono ulikuwa wa baridi. Getruda aliushika, na moyo wake ukamuuma, maana alimpenda binti yule.

Ng'ombe wa kwanza alisimamishwa. Dirisha la jikoni lilitazama uani, na Getruda alimsikia Ryoba akihesabu kasoro, halafu akauliza alikotoka.

Masanja alisema huyu alimzalisha mwenyewe, zizini kwake, usiku wa mvua, na mama yake alikuwa mwekundu hivi hivi. Alimpa hadi mama! Getruda alikoroga ugali kwa nguvu mpaka sufuria likacheza. Akaja wa pili, mwenye pembe moja. Masanja alieleza jinsi pembe ilivyovunjika akipigana na fahali wa jirani, na jinsi yeye Masanja alivyomuuguza kwa mikono yake kiangazi kizima.

Getruda aliweka mwiko chini, akatoka.

Alitembea mpaka alipokuwa yule ng'ombe, akaweka mkono kwenye nundu yake.

"Si kweli," alisema. "Huyu nimemnunua mnadani Bunda akiwa na pembe hiyo hiyo moja, na bei nilipewa ya pembe moja. Ng'ombe hawa wote ni wangu. Nimewanunua kwa faida ya sarafu. Shemeji yangu hajawahi kumkatia hata mmoja wao majani."

Masanja alicheka, akawaomba wakwe radhi, akasema ujane umemchosha mama huyu. Lakini Ryoba hakuwa anamsikiliza tena. Aliuliza kama ni zile sarafu za kufungwa ambazo habari zake zimefika mpaka huku. Getruda akamwambia ndizo. Alitoa moja kwenye mkoba, na Ryoba akaipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa nyoka. Aliuliza ndani mna nini, akajibiwa senti hamsini. Aliuliza senti hamsini isiyonunua hata njiti ya kiberiti imenunuaje ng'ombe.

"Moja hainunui," Getruda alisema. "Zimenunua nyingi, pamoja na miguu yangu."

Mtu wa nyuma alisema ifunguliwe waone. Getruda hakungoja. Ikishatoka kwenye kasha haina bei tena, hilo alilijua kuliko wote pale, lakini alichukua kasha mkononi mwa Ryoba, akaliweka juu ya jiwe la kusagia, akalipiga kwa jiwe jingine. Plastiki ilipasuka. Sarafu ikaanguka vumbini, sungura juu. Hakuna aliyedondoka. Ng'ombe wa pembe moja alikojoa, basi.

Wazee waliomba nafasi, wakaenda nyuma ya ghala. Waliporudi, Ryoba alizungumza kwa sauti ya kupaka mafuta. Ng'ombe ni wazuri, alisema, hakuna ubishi. Na mama amejieleza. Ila katika ua ule mwanamke hajawahi kutaja ng'ombe, na wao si watu wa kuanzisha. Basi Masanja aendelee pale alipoishia, nao watapokea. Ukweli wameshaujua moyoni, kinachotamkwa ni utaratibu tu. Masanja alikuwa ameshasimama, ameshavuta koti vizuri.

Gasper alimsogelea mama yake. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, na jasho lilimtoka.

"Mama, si maneno tu?" alinong'ona.

Hilo lilimkata kuliko yote. Ya Masanja alikuwa ameyazoea.

"Na mtumbwi wa baba yako ulichukuliwa kwa maneno tu," alisema, na hakunong'ona. "Mtu alisema anautunza, tukanyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi."

Kisha akamgeukia Ryoba. "Baba, mimi nawaambiaga wateja ukweli kuhusu senti hamsini, tena wageni ambao sitawaona tena. Nitawadanganyaje wakwe zangu kuhusu ng'ombe sita? Kama hapa hawana kwao, narudi nao. Mnada wa Bunda upo. Na atakayeniuliza kwa nini nauza ng'ombe wazima walioshiba, nitamjibu yote, na jina la ua uliowakataa nitamtajia."

Akaokota fimbo. Alifungua lango mwenyewe, akawaswaga ng'ombe kutoka nje.

Usidhani hakuogopa. Alijua amemwaga harusi ya mwanawe mbele ya watu, kwa mdomo wake, na kwamba kesho Kamunyonge nzima itasema jeuri ya hela ya plastiki ndiyo hiyo. Alimwona Happyness kwenye mlango wa jikoni, kitenge kimeanguka mabegani, analia waziwazi. Hakutazama nyuma tena. Gasper alikuwa bado amesimama katikati ya ua, na kama angebaki pale na baba yake mkubwa, Getruda hakutaka kumwona akibaki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, aliwaza, na kama hawanipi nitaondoka nayo kwa miguu.

Walikuwa wamefika kwenye mihogo ya jirani aliposikia mluzi. Ni mluzi wa Gasper, ule wa kuswagia aliofundishwa na mfugaji wa Bunda. Alikuwa amevua koti la suti, anamrudisha njiani ng'ombe aliyetaka kuingia shambani. Machozi yalimtoka Getruda hapo, nayo aliyaacha yatoke.

Nyuma yao kulikuwa na mabishano. Sauti ya Ryoba ilipanda, sauti ya binti ikaingia juu yake. Majirani walikuwa wameshatoka wanatazama, mikono kiunoni. Mzee Nyamhanga, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alikuja mpaka langoni kwake, akashika nguzo.

"Mama Gasper," aliita. "Ng'ombe wetu mnawapeleka wapi?"

Getruda alisimama. Hakugeuka.

"Ng'ombe wenu waliotoka wapi?" aliuliza.

Mzee alikohoa. Alimtazama mdogo wake Ryoba, akamtazama Masanja aliyebaki uani na koti lake limefungwa vifungo vyote, akawatazama majirani. Hakukuwa na njia ya pembeni. Alisema kwa sauti ya kufika barabarani.

"Waliotoka kwa Getruda."

Ndipo Getruda alipomgusa ng'ombe wa mbele kwa fimbo, akamgeuza.