Mkato wa Pili

Baba alikuwa mchonga mihuri. Meza yake ilikaa kibarazani pa posta, mjini, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kijijini kwetu. Alichonga kwa wembe na kisu chembamba, herufi kinyumenyume, juu ya raba aliyoibandika kwenye kipande cha mbao. Shule, maghala, chama cha wakulima, wote walikuwa wateja wake. Sharti lake lilikuwa moja: bila cheti cha usajili hachongi. Nilipokuwa mdogo nilimsikia akimwambia bwana mmoja mwenye tai, "Mzee mwenzangu, muhuri ni kama bunduki. Simuuzii mpita njia."

Kazi hiyo ilimfanya asiamini karatasi yoyote. Ukimpa barua, hakuanza na maneno. Alianza chini, kwenye muhuri, kwa kioo chake cha kukuzia. Mama alizoea kumtania: "Baba yenu hata jua likimchoma atauliza limetumwa na nani."

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari mwalimu mkuu aliponikabidhi ile barua. Ilihusu mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi wa vijijini: wiki tano za likizo ndefu, katika chuo kimoja kwenye mji wa mbali, na watakaofanya vizuri wangelipiwa ada mpaka mwisho wa sekondari. Shuleni kwetu nilichaguliwa peke yangu. Bila ada hiyo ningerudi kukaa nyumbani mwaka ukiisha, kama dada yangu. Kila mtu nyumbani alilijua hilo na hakuna aliyelisema. Kilichobaki ni sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa.

Baba aliipokea barua, akaanza chini. Alikazia macho pale pale kwa muda mrefu, kisha akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

"Huendi."

"Kwa nini, Baba?"

"Hawa watu siwaamini."

"Hata hujaisoma," Mama alisema.

"Nimesoma ninachojua kusoma."

Siku tatu nyumba haikukalika. Baba aliuliza nani atapika huko, mabweni yanafungwa na nani, kwa nini wiki tano na si mbili. Mama alimwambia, "Kila siku unalalamika watu wa vijijini hatuna wa kutujali. Leo kajitokeza wa kujali, unamchunguza kama mwizi wa kuku."

"Mtu hanijui, hajawahi kukanyaga kwangu, anataka kumlipia mwanangu ada. Wewe hilo halikuwashi?"

Mimi nilianza kumshuku yeye. Nilidhani hataki tu niondoke, na kwamba muhuri ni kisingizio. Sikumwamkia asubuhi mbili mfululizo, na yeye hakunidai salamu.

Alhamisi aliniambia nipande baiskeli nyuma. Tulipofika darajani alisimama, akatoa barua na kioo.

"Tazama duara la nje. Unaona lilipokatika?"

Niliona mkato mwembamba kama unywele, chini kushoto.

"Ni alama yangu. Naiweka kwenye kila muhuri ili kazi yangu ikija kuniletea balaa niitambue. Huu nimeuchonga mimi."

"Si afadhali, basi?"

"Nimeuchonga bila cheti." Alisema akitazama maji. "Ile wiki mama yako amelazwa. Alikuja mwanamke ana haraka, akasema cheti atakileta kesho. Nami nilikuwa na haraka ya kwenda hospitali. Hiyo kesho mpaka leo sijaiona. Sasa nikimwambia mama yako, ataniuliza nimewachongea wangapi wengine namna hiyo. Nitamwambia ni huyu tu. Wewe ungeniamini?"

Alipanda baiskeli, nami nikapanda.

Ofisi ya hao watu wa mafunzo ilikuwa mjini, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Meza mbili, feni isiyozunguka, viti vya plastiki vimepandanishwa kona. Ukutani palikuwa na picha ya wanafunzi wenye mashati meupe. Baba aliisogelea, akaigusa kwa kidole kama anayetaka kujua ilibandikwa lini.

Mwanamke aliyekuwa mezani alimtambua. Nilimwona akiacha kuandika.

"Bi Kesho," Baba alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, fundi. Nilirudi, wallahi. Mara mbili. Meza yako haikuwepo."

"Mara mbili."

"Labda moja," alisema, akafungua droo na kutoa cheti.

Baba alikipeleka dirishani, kioo jichoni. "Tarehe ya hiki ni majuma mawili baada ya muhuri wangu. Kumbe ulipokuja hukuwa nacho kabisa."

"Nilikuwa nimeambiwa kiko tayari."

"Na muhuri wa hiki kachonga nani?"

"Hiyo ni serikali, mzee."

"Serikali haina mikono. Kuna mtu kachonga."

Yule mwanamke aliniangalia mimi, akacheka kidogo. Sikucheka. Nilikuwa nawaangalia wote wawili na sikujua nani anadanganya, wala kwa kiasi gani.

Baba alivuta kiti akaketi. Aliomba aletewe muhuri wenyewe. Alitoa wembe, na pale pale mezani akakata mkato wa pili, upande wa kulia. Akaupiga kwenye karatasi tupu, akanionyesha.

"Huko chuoni utakwenda na muhuri huu?" alimuuliza yule mwanamke.

"Ndiyo, unakaa kwangu."

"Basi binti yangu ataniandikia kila wiki, na wewe utamgongea chini ya barua. Nikiona mikato miwili nitajua yuko pale mlipo na anakufikia." Akanigeukia. "Mwandiko mtu anaweza kulazimishwa. Ukiwa na shida yoyote, andika maneno matamu unavyotaka, ila usigongeshe muhuri. Umenielewa?"

Alisema hivyo mbele ya Bi Kesho bila kupunguza sauti. Kisha akatia sahihi.

Barua nne niliziandika jioni za Jumapili na kwenda kugongesha muhuri. Wenzangu walinicheka, wakaniita Karani. Chuoni hapakuwa na ubaya wowote. Tulijifunza kuendesha vikao, kusimama mbele ya watu, kupanga mradi na kuutetea. Wiki ya nne ikiisha nilichaguliwa kuzungumza siku ya kufunga. Basi ile barua ya tano niliiandika mbiombio katikati ya mazoezi, nikampa mwenzangu aliyekuwa anakwenda posta.

Siku tatu baadaye mlinzi aliniita langoni. Baba alikuwa amesimama na kopo lake la vifaa vya kazi kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinitazama juu mpaka chini. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja, akaviachia.

"Uko salama?"

"Baba, watu wanatuangalia. Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kununua raba."

"Safari yote hii?"

"Raba ya huku nzuri."

Nilimwambia anajua kuniaibisha, nikamwambia nina mazoezi. Alikubali kwa kichwa. Nilipogeuka nilimsikia akimuuliza mlinzi mabweni yanafungwa na nani.

Ada nililipiwa, nikamaliza. Baba aliendelea kumwita yule mwanamke Bi Kesho na kuchunguza kila barua ya ufadhili iliyokuja, mpaka ya mwisho.

Alifariki mwaka huu, mwezi wa pili. Tulipogawana vitu vyake mimi niliomba kopo la kazi. Ndani nilikuta wembe, kile kioo, na barua zangu tano zimefungwa kwa uzi. Kwenye nne, pembeni ya muhuri pana alama mbili ndogo za penseli, moja kwa kila mkato. Ya tano, chini ya jina langu, ni nyeupe. Sikuigongesha. Hapo ameandika kwa penseli: "Haupo." Na chini yake: "Basi la kwanza, saa kumi na moja."

Siku ile langoni hakunitajia barua. Alisema amekuja kununua raba, na raba ilikuwa ikiuzwa mjini kwetu, duka la tatu kutoka kwenye meza yake.