Swala Hugeuka Konani

Jana mchana, baada ya ugali na mlenda, usingizi ulinichukua kitini nikaota nimerudi darasa la tatu, Kondoa. Nina miaka hamsini na miwili na magoti mabovu, lakini sare ilinitosha. Wanafunzi wenzangu wote walikuwa swala.

Mwalimu wa zamu ni ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu. Anaita majina. Kila anayeitwa lazima aeleze jina lake limetoka wapi. Akishindwa, anavuliwa jina kama shati, na jina hilo anapewa mwingine.

Jirani yangu wa dawati, swala tomi, akasema jina lake ni la Mzungu fulani, msafiri, aliyepita na haraka zake.

“Mlifahamiana?” rimu ikauliza.

“Hapana. Mimi nilikuwa nakula majani.”

Rimu ikaandika, kisha ikaniita kwa jina langu la shuleni. “Sikudhani. Nyumbani ulikuwa unaitwaje?”

“Swala.”

Ikasema jina hilo halijaitwa na mtu tangu Bibi Zamda afariki, mwaka wa saba huu, na tomi ameliomba. Nilitaka kulia. Bibi yangu huyo ndiye aliyenipa, na hakuniachia kitu kingine. Nikajibu haraka kwamba aliniita hivyo kwa sababu ya mbio zangu.

“Mbio hata sungura anazo,” ikasema rimu, na shati langu likaanza kujifungua vifungo.

Mara darasa ni mlango wa bibi. Amesimama na upawa mkononi, amenituma chumvi. Nakimbia hadi konani, nasimama, namgeukia. Kila siku nilifanya hivyo, na kila siku alicheka.

“Nenda, Swala wangu. Bado nipo.”

Nikaiambia rimu sababu ni hiyo, kwamba nilikuwa nageuka.

Tomi akaacha kutafuna. “Sisi tunageuka kuona kama simba bado anakuja.”

“Mimi niligeuka kuona kama bibi bado yupo.”

Tomi akasema basi, atabaki na la yule Mzungu. Vifungo vikajifunga.

Nilipoamka mlenda uliobaki ulikuwa umepoa. Uwanja niliufagia mwenyewe asubuhi, na geti lilikuwa limefungwa. Lakini mchangani palikuwa na alama ndogo za kwato, zimetoka mlangoni kwangu zikaenda mbio hadi kwenye kona ya ua. Pale zimesimama, zikageukia nyumba.

“Nenda,” nikasema. “Bado nipo.”